Kambale wa Mayi Zimpita

Nsungwi, Lilongwe
4 Februari 2023

Yaya Rosalie,

Usishangae kuona karatasi. Najua unasema: huyu mdogo wangu Akilimali, mtu aliyepita Kigoma, Mbeya mpaka Lusaka, mtu aliyekula na mzungu sahani moja, leo amekosa simu? Simu ninayo, na chaji imejaa. Ninachokosa ni mahali pa kufungulia mdomo. Katika nyumba hii mimi si Akilimali. Mimi ni Mwafulirwa, mtu wa Karonga, njo maana Chichewa changu kinatembea na fimbo. Karonga iko karibu na Tanzania, kwa hiyo neno moja la Kiswahili likiniponyoka wanacheka tu. Lakini nikiongea na wewe dakika tatu, sauti hii ya Uvira ikapanda, kesho mtu ataniuliza: "Bambo, hiyo Karonga yako iko upande gani wa Congo?" Basi naandika. Épitace atakuletea barua chini ya nyanya zake, Jumanne akitoka sokoni. Yeye iko na karatasi ya ruhusa ya kutoka hapo kambini Dzaleka. Mimi niko na kichwa tu.

Kazi ni nzuri. Mwenye nyumba ni Mayi Zimpita, mwalimu mstaafu, mjane, mama mwenye kuongea pole pole kama anaandika ubaoni. Nafagia, namwagilia maua, na tangu wiki mbili mimi ni mkuu wa samaki. Usicheke! Marehemu mume wake aliacha sebuleni sanduku la kioo, akwariamu, ndefu kama kitanda chako. Ndani kuna mbuna kumi na tisa. Mbuna ni samaki wadogo wa ziwa la huku, wengine bluu, wengine manjano, wengine na mistari kama pijama. Si wa kula, ni wa kutazama. Mayi amewapa majina yote kumi na tisa, na asubuhi anakaa pale na chai yake anawaita kama darasa.

Sasa sikia shida. Chakula kinaanguka chini kwenye mchanga, kinaoza, maji yananuka. Mtu aliyemuuzia marehemu kioo alimwambia Mayi: "Tafuta samaki wa chini, wale wenye ndevu, watakusafishia." Mayi akanigeukia. "Mwafulirwa, wewe si mtu wa ziwani? Unawajua?"

Yaya, ulimi wangu hauombagi ruhusa. Nilisema: "Mayi, mimi nilizaliwa ndani ya mtumbwi! Baba yangu alikuwa anawaita samaki wa ndevu kwa mluzi, wanakuja kwa mstari. Kuchagua niachie mimi."

Lakini barabara ya ziwani ina vizuizi vya polisi, na polisi haulizi mluzi, anauliza kitambulisho. Nimemwambia Mayi niko na rafiki huko ataniletea. Huyo rafiki ni wewe. Tafuta upande wa Dowa, chagua watatu wadogo, wazima. Ndevu ni ndevu, hakuna siri kubwa.

Fanya haraka. Nikishindwa hii, Mayi ataanza kujiuliza ni nini kingine nimemdanganya, na kile kingine ndicho kinaniogopesha. Juzi gari ilisimama getini, nikaruka ndani ya kibanda cha makaa, nikakaa humo mpaka miguu ikafa ganzi. Ilikuwa mtu wa kusoma mita ya maji.

Mdogo wako,
Akilimali

*

Dzaleka
14 Februari 2023

Akili mudogo wangu,

Ulizaliwa ndani ya mutumbwi? Weye? Weye mwenye ulitapika toka Baraka mpaka Uvira, mwenye mutumbwi akasema njo mara ya kwanza anabeba muntu wa kupungukaka kilo ku njia? Papa alikuwa mushonaji! Samaki mwenye Papa aliita kwa mluzi ni ule wa ku sahani, na mwenye alikuja ni Mama.

Basi nimefanya vile ulitaka. Annuarite wa korali yetu ya kanisa, bwana yake alichimba bwawa upande wa Dowa, banafuga kambale. Nilienda mimi mwenyewe na miguu yangu. Sikuchagua ovyo. Nilichagua sawa Mama alitufundisha ku soko: mwili munene, kichwa kubwa, mudomo mupana, mwenye kurukaruka sawa alikunywa kahawa. Huyo njo mwenye kukula vizuri, huyo njo mwenye kukomaa mbio. Annuarite akaniuliza: "Ni ya kupika ao ya kufuga?" Nikasema ya kufuga. Akasema: "Basi yaya, umetoa wafalme." Watatu, urefu wa kiganja. Épitace atababeba mu bidon ya maji, nimetoboa kifuniko juu bapumue.

Akili, mi naogopa. Si samaki. Ile jina ingine. Ukiwa umelala na mutu akuite Akilimali, hutaitika? Na akuite Mwafulirwa, utaitika mbio? Uwongo ni sawa nguo ya kuazima, siku moja mwenyewe anakuja kuitafuta, na unakutwa umevaa.

Mi niko muzima. Mashini ya kushona iko na kikohozi. Vaa soksi.

Yaya wako,
Rosalie

*

Nsungwi, Lilongwe
7 Machi 2023

Yaya Rosalie,

Piga vigelegele! Wamefika wote watatu, wazima, na bidon imenuka mpaka kondakta akamhamisha Épitace kiti. Tangu waingie, chini ni safi kama altare. Kila kilichoanguka kinapotea. Mayi Zimpita amefurahi mpaka ameniitia majirani wawili. Aliwatambua mara moja. "Mlamba!" Njo jina la kambale kwa Chichewa. "Nimewala tangu utotoni, leo nimewakaribisha sebuleni." Kisha akauliza, na uso wa mwalimu: "Lakini Mwafulirwa, hawatawadhuru mbuna wangu?"

Nilicheka, yaya, nilicheka cheko la mtaalamu. "Mayi, huyu anakula matope. Huyu ni mzee wa kanisa, hana hata meno."

Nilipotoka nje nilimwagilia maua yale yale mara mbili.

Kitu kimoja: wanapenda kugonga kifuniko na vichwa. Tok, tok. Nimeweka kitabu juu.

Nimepata rafiki. Mlinzi wa geti, Bambo Laisoni, mzee wa hapa hapa, watoto sita, ndevu nyeupe. Ananigawia viazi vyake na ananisahihisha Chichewa bila kunicheka. Jana polisi wawili walipita nje kwa miguu. Yeye mwenyewe aliniita: "Mwafulirwa, njoo unishikie ngazi huku nyuma." Nyuma hakukuwa na ngazi. Tulisimama tu tukitazama ukuta, watu wazima wawili.

Akilimali, eksperi wa samaki, Lilongwe nzima

*

Dzaleka
6 Aprili 2023

Akili,

Redio imesema. Wakimbizi bote benye banakaa mu miji barudi kambini, na wasiporudi batafuatwa. Hapa kila siku bantu banashuka na magodoro. Mama Ketsia, ule wa duka ya sabuni Lilongwe, alikuja jana na batoto bane na sufuria moja. Alisema benye kukataa bataanza kutolewa ku manyumba, na mbele ya kufika hapa banapitia jela.

Rudi. Weka ufagio chini, panda na Épitace, rudi. Samaki ya mama wa bantu isikufunge.

Nakula vizuri, nalala vizuri.

Rosalie

Si kweli ile ya kulala.

*

Nsungwi, Lilongwe
25 Aprili 2023

Yaya Rosalie,

Barua yako niliisoma ndani ya choo, kisha nikaimeza kipande kipande, isipokuwa jina lako, hilo nilishindwa. Redio ya hapa inasema kama yako. Silali bila viatu tena. Ningeondoka kesho yake, lakini sasa nikiondoka itaonekana ninakimbia, na sikia kwa nini.

Mbuna wanapotea. Mayi alipoita majina asubuhi moja, mmoja hakuonekana. Akasema amejificha kwenye mawe. Wiki ile ile wakakosekana watatu. Leo wamebaki kumi na mmoja. Hakuna maiti, hakuna mfupa, hakuna hata gamba. Na mara mbili tulikuta kifuniko kimesogea, kitabu kiko chini, maji sakafuni, sawa mtu ameingiza mkono. Wale mbuna wa bluu wana soko, kuna watu mjini wananunua kwa bei ya mbuzi.

Mayi alituita wote sebuleni: mimi, mpishi, Bambo Laisoni. Hakupiga kelele, na hiyo ndiyo mbaya. Alisema: "Samaki hawa ndio kitu cha mwisho mume wangu alichokigusa kwa mikono." Akauliza ufunguo wa veranda anakaa nao nani. Watu wakasema Laisoni. Mzee wa watu akavua kofia. Mayi anaenda Blantyre kwenye msiba wa dada yake, anarudi tarehe kumi na mbili Mei. Amesema kesho yake, Jumamosi, kama samaki hawajarudi au mwizi hajajisema, anaita polisi.

Unaelewa polisi wakija wanafanya nini? Wanaandika. Jina, kijiji, kitambulisho. Wa kwanza Laisoni, wa pili mpishi, wa tatu huyu mdogo wako wa Karonga ambaye Karonga aliiona kwa dirisha la lori.

Mimi niliyevuka mipaka mitatu bila pasipoti naogopa kalamu ya polisi mmoja. Niambie kitu. Hata matusi.

Akilimali

*

Dzaleka
3 Mei 2023

Akili mudogo wangu,

Kaa chini mbele ya kusoma.

Nilisoma barua yako kwa sauti, na jirani yetu Théogène alikuwa ku mulango anangoja suruali yake. Unamukumbuka, ule mzee Munyarwanda wa miwani ya kamba. Sikujua kama zamani alifanya kazi Bujumbura kwa bantu ba kutuma samaki za kioo Ulaya mu ndege. Miaka tisa alikuwa anabafunga mu sashe ya plastiki, mumoja mumoja. Akaniuliza: "Hao mbuna wanakaa na nani ndani?" Nikasema na kambale tatu, nilichagua mimi. Akavua miwani. Akasema: "Mama, umempa fisi funguo za bucha."

Akili, ni bo. Ni kambale.

Alieleza mpaka chai ikapoa. Anasema ndevu si kitu, kila samaki wa chini iko na ndevu. Unapochagua, usiangalie ndevu, angalia mudomo. Samaki wa ndevu anakula kila kitu chenye kinaenea mu mudomo wake, na akishiba matope anarudilia jirani. Mwenye mudomo mupana wa mbele, sawa wa chura, huyo ni muwindaji. Mwenye mudomo mudogo wa kutazama chini, huyo njo wa kusafisha. Anasema kisha uulize mama yake alifika urefu gani, juu mutoto wa kiganja anaweza kuwa wa mukono muzima mbele mwaka kuisha. Kambale wa bwawa njo vile anafanya. Na kambale anapumuaka hewa ya juu, kwa hiyo anasukuma kifuniko na kichwa. Maji ku sakafu si mwizi. Ni yeye.

Anasema samaki wa ndevu wa kuishi na mbuna ni ule wa lile ziwa lao, huku banamuita nkholokolo. Mudogo, madoadoa, na mwiba ku mugongo, na ukimushika analia sawa mulango wenye umekosa mafuta. Unaweka babili ao batatu bakae pamoja, mchanga laini usibakate ndevu, mapango ya kujificha, na chakula yao unatia taa ikisha kuzimika. Njo hivyo banachagua. Mi nilichagua sawa vile nachaguaka ya supu. Kila kitu Mama alitufundisha ni kweli, na hapo yote ilikuwa kinyume.

Sasa sikiliza yaya wako. Toa hao kambale, ua, zika, na unyamaze. Usiseme kwa muntu. Najua ule mzee Laisoni ni muzuri. Lakini Laisoni iko na kwao. Iko na kitambulisho, iko na mashemeji, iko na chifu wa kumusemea. Polisi batamuuliza, batamuacha. Weye ukifungua mudomo watauliza kambale ilitoka wapi, na ilitoka kwangu, na mi niko Dzaleka. Weye uko na nani wa kukusemea?

Mungu anisamehe. Nyamaza.

Rosalie

*

Nsungwi, Lilongwe
12 Mei 2023

Yaya Rosalie,

Naandika mbio, Mayi amerudi leo mchana na amekwisha kupigia polisi simu. Kesho saa tatu.

Théogène amesema kweli. Nilipopata barua yako nilifunika kioo na shuka, nikaacha tundu la jicho, nikakaa. Kambale wamefika urefu wa mkono mpaka kiwiko, mchana wanalala chini ya jiwe kubwa kama maaskofu. Giza la shuka liliwadanganya. Mmoja akatoka. Alikuwa anapapasa mchanga na ndevu zake, pole pole, kama kipofu anayetafuta kiatu. Kuna mbuna wa manjano, Mayi anamuita Carelle, jina la mjukuu wake. Haikuwa vita, yaya. Mdomo ulifunguka, manjano ikaingia, mdomo ukafungwa. Akaendelea kupapasa.

Nilichukua ndoo nifanye ulivyosema. Mikono ilikuwa ndani ya maji mpaka kwapa. Kisha nikafikiri. Nikiwaua kimya, mbuna hawatapotea tena. Na watu watasema nini? Watasema: unaona, tangu Laisoni atishwe, wizi umekwisha. Nitakuwa nimemfungia mlango na kumpa Mayi ufunguo.

Na kuna kitu sikukuandikia. Niliandika Mayi alipouliza ufunguo anakaa nao nani, watu walisema Laisoni. Si watu. Mpishi alikuwa anatazama miguu yake. Ni mimi. Mayi alikuwa ameanza kugeuza macho upande wangu, nikaogopa, nikasema "Bambo Laisoni" kabla swali halijaisha. Yule mzee aliyenipeleka kutazama ukuta. Tangu siku ile bado ananigawia viazi. Kila kiazi kinashuka kama jiwe.

Unasema mimi niko na nani wa kunisemea. Sina. Lakini kesho yeye pia hana, isipokuwa mimi.

Naweza kukimbia sasa hivi. Ukuta wa nyuma ni mfupi, na Épitace analala kwa rafiki yake Lumbadzi, alfajiri atapita kuchukua barua hii. Nimekwenda mpaka ukutani mara mbili na begi. Mara ya pili Laisoni aliniona. Akasema: "Ukipita hapo, angalia, kuna vigae vya chupa," akarudi kukaa getini.

Yaya, naogopa mpaka kalamu inaandika yenyewe. Hao kambale nimewaacha ndani ya kioo. Nimenoa kisu cha jikoni.

Akilimali

*

Dzaleka
16 Mei 2023

Akili,

Épitace aliniletea barua yako Jumamosi mangaribi. Kisu ya nini? Umeandika kisu na umenyamaza. Siku tatu sikupitisha uzi mu sindano. Leo namutuma arudi, abishe ku lile geti, hata kama ni polisi njo anafungua.

Mi nilikuambia unyamaze. Nilikwenda kwa Théogène nimusomee, juu nilitaka aseme nilikushauri vizuri. Aliuliza tu: "Huyo mulinzi, jina yake nani?" Nikamuambia Laisoni. Akasema: "Mzee Laisoni." Akavaa miwani, akaenda.

Tulipokimbia Fizi, wenye nyumba ile ya Kigoma, benye balitusemea kwa polisi, bangeweza kunyamaza pia.

Kama hii inakukuta na bado hujasema, sema. Kama umesema, mi niko hapa. Kama uko jela, niandikie jela gani, nitakuja na sufuria.

Rosalie

*

Kituo cha polisi, Lilongwe
18 Mei 2023

Yaya Rosalie,

Barua yako imefika mkononi mwangu, na mwenye kuileta ni Bambo Laisoni. Épitace alibisha getini akakimbia, barua yako, hiyo sufuria ya mawazo, akaiacha kwa mzee. Umechelewa, yaya wangu, ubarikiwe.

Kisu ni cha samaki. Mungu wangu, ulifikiri nini?

Jumamosi polisi walikuja wawili. Mmoja mnene, mmoja kijana na daftari. Laisoni walimkalisha chini, sakafuni, mzee wa watoto sita, kofia mikononi. Mimi nilikuwa jikoni, mlango wa nyuma wazi, begi limeshafungwa. Nikasikia yule kijana anasema: "Tutaanza na wewe, na ukweli." Nikasikia Laisoni anasema yeye hajui kuiba samaki, hata kuogelea hajui. Mnene akacheka, na kile kicheko kikanitoa jikoni. Sijui nilitembeaje. Nakumbuka tu nilikuwa mbele ya kioo na mikono ndani, na maji yanaruka mpaka kwenye daftari la serikali, na kambale ananipiga mkia kifuani, na Mayi anasema, "Mwafulirwa, umerukwa na akili?"

Nilimlaza kwenye sinia ya chai, nikampasua hapo hapo. Mimi niliyesema nilizaliwa ndani ya mtumbwi, yaya, ndiyo mara yangu ya kwanza kupasua samaki mzima. Nilijikata kidole. Tumboni walitoka wawili. Mmoja alikuwa bado bluu.

Mayi alivaa miwani, akainama, akatazama sana. Akasema jina la yule wa bluu, pole pole. Kisha akaniuliza: "Ulisema hana meno."

Nikasema: "Nilidanganya, Mayi. Sikujua kitu. Sijawahi kuvua. Baba yangu alikuwa fundi wa kushona. Na ufunguo nilimtaja mzee kwa sababu niliogopa mimi."

Yule mnene akamwambia kijana afunge daftari, akamwambia Laisoni asimame. Laisoni alisimama kwa kushika kiti. Ingekuwa imekwisha hapo, nakwambia walikuwa wanaelekea mlangoni. Kijana akageuka. "Na wewe, unayejua kila kitu na hujui kitu, kitambulisho?"

Nilikuwa na Karonga nzima mdomoni, yaya. Kijiji, chifu, jina la mto, nilivikariri miezi minane. Nilimtazama Laisoni, damu ya kidole inadondoka kwenye zulia la Mayi, na sikupata hata neno moja lile. Nikasema: "Akilimali. Dzaleka."

Sitakudanganya kwamba nilisimama kishujaa. Mpishi aliniletea kiti, nikaketi.

Mayi hakunitetea, na hakunitukana. Alimwomba mnene nimalize kufunga kidole kwanza. Jana alikuja hapa kituoni, amekaa upande wa pili wa meza, mkoba magotini. Bado ana hasira, inaonekana shingoni. Ameuliza jambo moja tu: "Wamebaki tisa. Nichague yupi wa kuwasafishia?" Yaya, ulimi ulianza kuruka, nilihisi kabisa unaruka. Nikaukamata. Nikasema: "Sijui, Mayi. Lakini Dzaleka kuna mzee Théogène anajua. Angalia mdomo, hayo ndiyo maneno yake. Mengine muulize yeye." Aliandika jina lake. Kama atakwenda, sijui.

Wale wawili waliobaki, Laisoni amewakaanga. Aliwaleta leo na nsima, ule ugali wa huku, ndani ya kitambaa, akamwambia polisi wa zamu ni chakula cha mgonjwa. Tumekula kupitia nafasi ya mlango, yeye nje, mimi ndani. Tumekula ushahidi mpaka mifupa. Nikamwambia: "Bambo, nilikutaja mimi." Akasema: "Nilikuwepo." Akanisukumia kipande cha mkia, ambacho ndicho kitamu.

Humu tuko thelathini na moja, Warundi, Wacongo, mama mmoja na pacha. Usiku hakuna anayelala, wote tunasikiliza funguo. Wanasema lori ni kesho, wengine wanasema keshokutwa, wengine wanasema si Dzaleka, ni jela kubwa kwanza. Hapo sina mzaha, naogopa. Naogopa hata sasa. Nilifikiri nikisema kweli woga utatoka. Umebaki, lakini sasa ni mmoja tu. Zamani ilikuwa miwili, huu wa polisi na ule wa uwongo wangu.

Laisoni anangoja hii karatasi, polisi amemwambia aondoke. Nikifika, usije getini kulia mbele ya watu. Na majirani wakikuuliza, usiseme Akilimali amerudishwa. Sema Akilimali amerudi mwenyewe, amechoka na mji.

Hapana. Sema nimerudishwa.

Akilimali